Kinanda cha Baba

Basi la Lushoto liliondoka stendi ya Mbezi, Dar es Salaam, saa kumi na mbili alfajiri. Nilikuwa na kikapu chenye mchele kilo tano, sukari na dawa ya kuchua magoti ya mama. Sikuwa nikienda msibani wala harusini. Nilikuwa nikienda kuamua habari ya kinanda.

Akina mama wenzangu, naomba mnivumilie nieleze. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kwa miaka 31 alikuwa mpiga kinanda wa kanisa la kijijini kwetu huko Usambara. Nyumbani alikuwa na kinanda chake mwenyewe, kile cha zamani cha kukanyaga kwa miguu. Alipofariki mwaka 2009, kaka zangu wakasema kiwe changu, kwa kuwa katika watoto wote ni mimi peke yangu niliyefundishwa kukipiga. Nikakipokea kwa machozi. Lakini nilikuwa nimeolewa Dar es Salaam, tunakaa vyumba viwili na sebule ndogo. Kinanda kikabaki kwa mama, nami nikawa mwenye mali asiyekaa na mali yake.

Mwaka jana binti yetu wa kwanza alichaguliwa kujiunga na chuo cha uuguzi. Furaha ilikuwa kubwa, na ada ilikuwa kubwa vilevile. Wakati huohuo, mwenye nyumba moja ya wageni mjini Lushoto alikiona kinanda alipopita kununua viazi, akasema atatoa shilingi 1,200,000 taslimu. Kaka akanipigia simu: "Dada, kinanda ni chako. Sema neno moja tu."

Neno hilo lilinishinda kwa wiki tatu. Mchana nilisema kiuzwe, usiku nilisema kisiuzwe. Mwishowe mume wangu akaniambia, "Mama watoto, nenda ukakitazame kwanza. Kitu cha namna hiyo hakiuzwi kwa simu." Akanipa nauli.

Tulipita Chalinze, tukavuka mto Wami, na tulipofika Segera vijana wakatujia madirishani na machungwa kwenye nyavu. Baada ya Korogwe yakaja mashamba ya mkonge, mistari iliyonyooka kama daftari la mwanafunzi. Huko chini joto lilikuwa kali. Lakini pale Mombo basi huiacha barabara kuu na kuanza kupanda, na hapo ndipo mtu wa milimani huanza kuvuta pumzi. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33, karibu zote ni kona. Upande mmoja ni jabali, upande wa pili ni bonde na mto. Mama mmoja aliyekaa karibu nami alifumba macho tangu kona ya kwanza hadi Soni, akiomba kwa sauti ya chini.

Soni, penye maporomoko ya maji kando ya barabara, hewa ilikuwa imebadilika kabisa. Nilivaa sweta. Akina mama walikuwa wameketi na beseni za pea na karoti, na kabichi zilizopangwa kama mipira. Wageni hufikiri milima hii ni ya kutazamwa tu, lakini sisi tuliozaliwa huku tunajua kuwa kila ngazi ya shamba ile ni mgongo wa mwanamke.

Nchi hii imezoea vitu kuja na kuondoka. Wajerumani walipoutawala mji wa Lushoto waliuita Wilhelmstal. Walikwenda, na jina likaenda nao. Wamisionari walifika Mlalo mwaka 1891, na vinanda vya kukanyaga vikaja kusaidia kuimba katika misheni za milima kama hii. Mwaka 1892 ofisa mmoja wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka kwao ua dogo la rangi ya urujuani linaloota kwenye vivuli vya miamba yetu. Leo ua hilo linakaa ndani ya vyungu madirishani kwa akina mama wa Ulaya na Marekani ambao hawajawahi kuiona Usambara. Nililifikiria ua hilo njia nzima ya kupanda kwa miguu hadi nyumbani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Ingia, moto upo."

Kinanda kilikuwa pale pale, ukutani mwa sebule, karibu na dirisha la mashariki, kimefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Nilifunua nikaketi. Niliweka miguu juu ya vikanyagio viwili na kukanyaga, kulia, kushoto, kama nilivyofundishwa nikiwa na miaka tisa. Mvukuto ukahema kama mzee anayepanda mlima. Nikabonyeza. Sauti tatu zikatoka, ya nne ikanyamaza, ya tano ikapiga filimbi na kukataa kuacha. Nilipofungua ubao wa nyuma nikakuta kiota cha panya.

Nilijiuliza swali ambalo nilikuwa nikilikwepa: katika miaka hii yote nimekipiga mara ngapi? Nikahesabu kwa vidole. Krismasi mbili, arusi ya mdogo wangu, na siku ya kumaliza matanga ya shangazi. Mara nne. Kitu nilichosema nakipenda kuliko vyote kilikuwa kimepata mara nne tu za mikono yangu.

Kesho yake mama alimwita fundi seremala, mzee aliyekuwa akimsaidia baba kukitengeneza. Alikifungua kwa adabu, akanionyesha vitu ambavyo baba hakuwahi kunionyesha. Vinanda vya namna hii vilienea baada ya Mfaransa Alexandre Debain kupata hataza ya hamoniamu mjini Paris mwaka 1842. Havina nyuzi kama piano. Ndani yake kuna safu za ndimi nyembamba za shaba. Miguu huendesha mvukuto, hewa hupita kwenye ulimi, ulimi hutikisika na kutoa sauti. Ulimi mrefu hutoa sauti nzito, mfupi hutoa sauti nyembamba. Ndimi hizo hukaa na sauti yake sahihi kwa miaka mingi sana. Kinachokufa ni vile vilivyo laini: ngozi ya mvukuto hukauka na kupasuka, kitambaa cha sufi huliwa na nondo na panya, na mbao hufura kwa unyevu hadi meno yagome.

Alikagua pia meno yenyewe, maana mnunuzi alikuwa ameuliza kama ni ya pembe za ndovu. Jambo hili ni vizuri kila mwenye kinanda cha zamani alijue. Katika karne ya 19 pembe nyingi za ndovu kutoka Afrika Mashariki zilipitia Zanzibar hadi Connecticut, Marekani, zikachongwa kuwa meno ya piano. Mwaka 1989 mataifa yalikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe hizo, na hapa kwetu pembe za ndovu ni nyara ya serikali. Huwezi kuwa nazo wala kuziuza bila kibali. Meno ya pembe mara nyingi hubandikwa vipande viwili, kwa hiyo utaona mstari mwembamba wa kiungo, na ukitazama kwa makini utaona nyuzinyuzi ndani yake. Yetu yalikuwa kipande kimoja, meupe matupu, bila nyuzi. Ni seluloidi. Nilishukuru.

"Mama," fundi akaniambia akifuta mikono, "chombo hiki hakiuawi na kazi. Kinauawa na kupumzika."

Usiku ule, mimi na mama tukiota moto jikoni, nilisema lile lililonileta. Nilisema sitakiuza, kwa sababu najua jinsi yeye anavyokitunza kwa ajili ya kumbukumbu ya baba.

Mama alinyamaza, akasukuma kuni. Kisha akasema, "Mimi? Mimi nakitunza kwa ajili yako. Kila Jumamosi nakifuta vumbi, nasema mtoto wangu asije akakikuta kichafu akaona nimedharau urithi wake."

"Mama, mimi nilidhani ni wewe usiyetaka kitoke."

"Mwanangu, magoti yangu hayawezi tena baridi ya chumba cha nyuma. Ukuta ule unalia maji tangu Machi hadi Juni. Mahali panapopata jua la asubuhi katika nyumba hii ni pale sebuleni, kilipo kinanda. Nimetamani kuweka kitanda changu pale miaka mitatu. Ningekwambiaje?"

Sikuwa na la kusema. Miaka mitatu mama yangu amelala penye unyevu ili kulinda heshima yangu, nami nimeacha chombo kiliwe na panya ili kulinda heshima yake.

Mama akacheka kidogo. "Unajua kilivyoingia humu? Mwaka 1974. Misheni moja ilikuwa inapunguza vyombo vyake. Baba yako akauza fahali na magunia yetu ya kahawa, fedha ambazo tulikuwa tumeziweka kwa ajili ya bati. Nilikasirika mwezi mzima. Tulikaa miaka miwili zaidi chini ya nyasi, mvua ikivuja, na yeye anapiga kinanda. Lakini wewe ulijifunza muziki chini ya paa lile. Basi, kiliingia kwa kuuza tulichokipenda. Hakuna ajabu kikitoka kwa njia hiyohiyo."

Kabla ya kwenda kulala nilijua kwamba kitauzwa. Lililobaki ni kwa nani.

Siku hiyo fundi alikuwa amenidokeza kuhusu kwaya ya mtaa mmoja ng'ambo ya bonde, mahali ambapo nguzo za umeme hazijafika. Walikuwa na kinanda cha umeme kilichotumia betri ya sola, nacho kiliharibika. Jumapili mchana walikuja watatu: kiongozi wao, mwekahazina, na kijana wa miaka kama kumi na saba ambaye hakusema neno. Niliwaambia bei niliyopewa mjini. Mwekahazina, mama wa makamo kama mimi, akatazama chini. Wao walikuwa na shilingi 500,000, na wangeweza kuongeza 300,000 baada ya mavuno ya maharage. Zaidi ya hapo hawakuweza.

Nikamwambia yule kijana akae, apige. Fundi alikuwa amekwisha kuziba mvukuto kwa vipande vya ngozi, lakini meno manne bado yalikuwa bubu. Kijana aliyatafuta yale bubu kwanza, moja moja, kisha akapiga wimbo akiyaruka, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Mama alitoka jikoni akasimama mlangoni na mwiko mkononi. Hatukuwa tumesikia wimbo mzima ndani ya nyumba ile kwa muda mrefu.

Niliomba ruhusa nikatoka nje kumpigia mume wangu. Nilimweleza yote: mjini 1,200,000 mara moja, kinanda kikae mapokezi kama pambo, huku 800,000 kwa awamu, kinanda kipigwe kila Jumapili. Alinyamaza, nikajua anahesabu. "Chuo kinapokea ada kwa awamu nne," alisema. "Hiyo 500,000 inatosha kumwingiza. Iliyobaki tutahangaika. Lakini usije ukanilaumu mimi, wala ukajilaumu wewe." Nikaahidi.

Jumatatu vijana wanane walikibeba kwa mchi wa mbao mabegani, wakashuka nacho bondeni polepole kwa njia ya migombani. Nilitembea nyuma yao hadi kijito, kisha nikarudi. Alasiri tulipiga deki sebuleni, tukahamisha kitanda cha mama dirishani. Pale ukutani palibaki alama ya mstatili, rangi ya zamani isiyofifia. Mama alisema tusiipake.

Msomaji mpendwa, sitakudanganya kwamba sijawahi kujuta. Chuo kilipodai mchango wa hosteli na sare katika mwezi ambao mume wangu hakupata kazi, ile 400,000 niliyoiacha Lushoto ilinijia usingizini. Nilikopa katika kikundi chetu cha kuweka na kukopa, na nilimaliza kulipa mwezi wa Mei. Kwaya nao walileta salio lao, wiki mbili baada ya tarehe tuliyokubaliana, noti zikiwa zimefungwa kwenye leso.

Kama nawe una kitu kama hicho ndani, cherehani ya bibi au gitaa la marehemu, usianze kwa kuuliza kina thamani gani. Uliza kwanza, kimya, ni nani anayekitunza, na kwa ajili ya nani. Kisha mwulize mtu huyo ana kwa ana, maana huenda naye anakutunzia wewe.

Krismasi iliyopita nilikwenda na watoto ng'ambo ya bonde. Yule kijana aliponiona aliinuka, akanionyesha kiti. Nilipiga wimbo mmoja. Meno manne bubu sasa yalikuwa mawili tu. Kisha nikamrudishia kiti chake, nikaenda kuketi na mama.