Mfuko wa Kulalia Mlimani

Vijana wetu wengi hupanda Kilimanjaro kuchukua mizigo ya wageni, na wazazi wao huuliza wawape nini cha kujifunikia. Twaona yafaa tueleze habari za mfuko wa kulalia uliojazwa manyoya mororo ya bata, maana kuuchagua vibaya kwaweza kuleta ugonjwa, au hata mauti.

Kwanza tufahamu ya kuwa manyoya hayo hayana moto ndani yake. Kazi yake ni kuishika hewa isitembee, na hewa iliyotulia huhifadhi joto la mwili. Ndiyo sababu George Finch, alipokwenda kuujaribu mlima Everest mwaka 1922, alivaa koti lililojazwa manyoya ya namna hiyo.

Kila tupandapo mita 1,000, joto hupungua kwa kadiri ya digrii 6. Kambi ya Kibo iko kadiri ya mita 4,700 juu ya bahari, na usiku maji huganda huko, hasa miezi ya kipupwe. Basi twashauri mfuko uliopimwa kwa usingizi wa starehe katika baridi ya digrii 10 chini ya sifuri. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Mifuko mingi huandikwa hesabu tatu: ya kwanza ni ya starehe, ya pili ni ya kulala kwa kujikunyata, ya tatu ni ya kuponea chupuchupu. Mwenye kuuza au kukodisha aweza kuitaja ile ya tatu, kwa kuwa ndiyo yenye sifa kubwa. Nasi tuulize ile ya kwanza.

Pili, manyoya yakilowa hushikamana, na joto hutoweka. Mvua ya msituni huweza kuulowesha mzigo kabla haujafika penye baridi. Kwa hiyo mfuko ufungwe ndani ya gunia lisilopenya maji. Asiyeweza kuuweka mkavu, afadhali achague uliojazwa nyuzi za kiwandani; ni mzito zaidi, lakini ukilowa hauachi joto lote. Tena manyoya yakilaliwa hubanwa, hata hayashiki hewa. Chini ya mgongo lazima pawe na godoro jembamba.

Torati iliamuru vazi la maskini lililowekwa rehani arudishiwe kabla ya jua kuchwa, kwa sababu hana kingine cha kulalia. Mungu hujali usingizi wa mtu mmoja, usiku mmoja. Basi, ndugu mnaoongoza safari, msihesabu mifuko ya wageni peke yake. Wako wapagazi wabebao mfuko wa mgeni mchana kutwa, kisha wao wenyewe hulala kwa blanketi moja. Kabla ya kuondoka langoni, mtazameni kila mmoja atalalia nini. Asiye na kitu apewe, au asipande.