Bustani ya Mtaa na Kimya cha Watu

Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii nimeifundisha darasani kwa miaka mingi, na wanafunzi walioieleza sawasawa nimewapa alama zao. Hata hivyo, maana yake hasa nilikuja kufunzwa na majirani zangu, katika shauri la bustani ya mtaa wetu hapa Nairobi.

Bustani yenyewe si kubwa. Ni kiwanja chenye nyasi haba, mijakaranda minne, na njia ya miguu inayokata katikati, kutoka nyumba za chini hadi zahanati. Lakini mkazi wa mji huu hawezi kuliona jambo la bustani kuwa dogo. Bustani ya Jeevanjee, ambayo mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee aliwapa watu wa Nairobi mwaka 1906, ilinusurika mwaka 1991 palipotokea mpango wa kuijengea majumba. Kabla ya hapo, mwaka 1989, Profesa Wangari Maathai alisimama kupinga jengo la orofa 60 lililokusudiwa kusimikwa katika Uhuru Park, na hatimaye jengo hilo halikujengwa. Mahali pa wote huponyoka kwa urahisi pale wenyewe wasipoulizwa. Aidha, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 10, imeutaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa.

Basi ofisi iliyohusika ilipotaka kuitengeneza bustani yetu, ilileta mchoro pamoja na tangazo la Kiingereza. Kwa kuwa mimi ni mwalimu wa Kiswahili, niliombwa kulitafsiri. Niliona fahari, nikaandika: "Washikadau wote wanaalikwa kuwasilisha maoni kuhusu uboreshaji wa eneo la burudani." Sentensi hiyo haikuwa na kosa la sarufi hata moja.

Siku ya mkutano walikuja watu tisa. Mchoro ulibandikwa ukutani, maelezo yakatolewa, kisha ikaulizwa kama yupo mwenye pingamizi. Kimya. Nami, nikiwa mwandishi wa mkutano, nikaandika katika kumbukumbu kwamba wananchi wameafiki kwa kauli moja, nikatia sahihi. Sikujiuliza ni kauli ipi hiyo, ilhali hapakuwa na aliyefungua kinywa.

Jioni ile nilipita kwa mama mmoja auzaye mihogo kando ya bustani. Aliniuliza, "Mwalimu, tutahamishwa lini?"

Nilishangaa, nikamwambia kwamba hakuna wa kuhamishwa.

"Si mmeandika uboreshaji? Kule nilikokaa zamani walileta neno hilohilo. Mwezi wa pili yake wakaja kubomoa."

Nilipomfafanulia habari ya miche, viti na ua wa seng'enge, alitafakari kidogo, kisha akauliza ua huo utakuwa na mlango upande gani. Nikamjibu kwamba utakuwa upande wa barabara kuu. "Basi wajawazito wa nyumba za chini," akasema, "watauzunguka mtaa mzima ili wafike zahanati."

Mchoro ule niliutazama kwa muda wa saa nzima mkutanoni, na jambo hilo sikuliona. Usiku huo sikupata usingizi. Kumbukumbu zenye sahihi yangu ndizo zingesomwa kesho na keshokutwa kuwa ushahidi kwamba tuliulizwa, tukaridhia.

Asubuhi nilikwenda ofisini, nikakiri kwamba nilichoandika hakikuwa kweli, nikaomba mkutano mwingine. Afisa hakufurahi, nami sikumlaumu, kwani kosa lilikuwa langu. Mwisho alitupa majuma mawili.

Tangazo la pili niliandika hivi: "Bustani yetu itatengenezwa. Hakuna atakayehamishwa. Wewe unataka iweje? Njoo useme, Jumapili saa tisa alasiri, chini ya mijakaranda." Watu walijaa. Safari hii hatukubandika mchoro. Tuliutembeza kiwanjani, kila mtu akaonyesha kwa kidole. Mzee mmoja alionyesha mahali ambapo maji hutuama wakati wa masika, papo hapo palipochorwa bembea za watoto. Wasichana waliomba taa kwenye njia, kwa maana hupita pale kabla ya mapambazuko wakienda shule. Vijana waliteta na akina mama juu ya uwanja wa mpira, sauti zikapanda, hata wakapatana kwamba asubuhi ni ya watoto wadogo na jioni ni ya mpira.

Si yote yaliyotimia. Vyoo tulivyoomba havijajengwa hadi leo, na taa ni moja badala ya tatu. Lakini ua una milango miwili, bembea zimehamishiwa penye mwinuko, na njia ya zahanati iko palepale.

Walimu wenzangu, tumezoea kuhesabu ushindi wa lugha yetu kwa wingi wa istilahi. Istilahi tunazihitaji, wala sizibezi. Lakini katika jambo hili Kiswahili changu sanifu kiliwanyamazisha watu sawasawa na kile Kiingereza kilichotangulia, na kimya chao nikakiita ridhaa. Tangu hapo, kila muhula, huwapa wanafunzi wangu zoezi moja: wachukue tangazo lolote la mtaani, wamsomee mtu mzima wa nyumbani, wamwulize amesikia nini, kisha waliandike upya. Wengi hurudi wakicheka. Mmoja alirudi akiwa na huzuni, akaniambia kwamba bibi yake alikuwa amekosa haki yake kwa sababu ya neno moja tu. Huyo sikumpa alama. Nilikaa naye, tukaandika barua.