Nani Mganda, Nani Mkenya?

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba nyani haoni kundule. Hapa kwetu Bumula, watu wakikosana hata kwa jambo dogo kama mpira, utasikia Mteso akiambiwa, "Wewe rudi kwenu Uganda!" Darasani mwetu yuko mmoja anayeambiwa hivyo, ilhali amezaliwa papa hapa. Yeye hunyamaza tu. Mimi ni Mbukusu, na nimeona nimjibie kwa kalamu.

Mwaka 1895 Waingereza wakiongozwa na C. W. Hobley waliwashinda Wabukusu katika ngome ya Chetambe, karibu na Webuye. Wakati huo hapakuwa na nchi iitwayo Kenya. Nchi yetu hii ilitiwa katika Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Reli ilipofika Kisumu Desemba 1901, wakoloni walitaka njia nzima ya garimoshi iwe chini ya serikali moja. Basi mwaka 1902 mkoa huo ukahamishiwa upande huu, na jina la Kenya likaja 1920. Jameni, babu zetu walilala Uganda wakaamka nchi nyingine, na hakuna aliyehama hata hatua moja wala aliyeulizwa!

Mpaka huo ulifuata Mto Malaba, Mto Lwakhakha na Mlima Elgon. Wateso wakagawanywa huku na kule. Na sisi je? Tulitengwa na Wamasaba wa Mbale, ndugu zetu ambao tunasikilizana lugha, tunasalimiana nao "mulembe", na vijana wetu hutahiriwa mwaka mmoja na wao. Kama Mteso ni Mganda kwa sababu ana jamaa ng'ambo, Mbukusu naye ni nani?

Hata hivyo, sisemi mpaka ufutwe. Februari 1976 Idi Amin alidai kwamba magharibi ya Kenya ni mali ya Uganda, kwa hoja hiyo hiyo ya ramani ya zamani. Wakenya waliandamana kumpinga. Naam, mstari ulichorwa na mkoloni, lakini taifa tulikuwa tumelijenga wenyewe.

Tunalijenga hata leo. Kiteso si lugha ya Kibantu, kwa hivyo Mbukusu hawezi kukibahatisha. Mama Mteso na mama Mbukusu wakivutana bei ya omena sokoni, ni Kiswahili kinachowapatanisha. Ndiyo maana nafurahi kwamba Katiba ya 2010 imekitambua kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi.

Kwa hivyo wenzangu, hilo neno "rudi kwenu" tuliache kabisa. Mwenzetu kwao ni hapa. Anayetaka kumrudisha kwa ramani ya 1901, na afungashe virago vyake pia, waongozane!