Gemu la Bandia

Mjukuu wangu alipokuja Tabora kwa likizo ya Desemba aliniomba kitu kimoja tu. "Babu, ninunulie gemu." Mama yake alikuwa amemnyang'anya simu, kwa kuwa kwenye simu mchezo mmoja humvuta mtoto mpaka kwenye mambo mengine ishirini asiyoyatafuta. Gemu la mkononi halina mambo hayo. Mama mtu hakupinga, na mimi nilikuwa na akiba kidogo ya pensheni. Hata hivyo neno lile lilinichoma moyoni, na msomaji ataona sababu yake.

Mwaka 1996 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi. Milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa tangu enzi za ruksa, na vitu vya plastiki kutoka China vilikuwa vimejaa madukani. Kimojawapo kilikuwa gemu dogo lenye maandishi ya kujigamba, kwamba ndani yake mna michezo 9999. Kwa kweli michezo ilikuwa michache, ikibadilishwa kasi na ngazi mpaka hesabu ikatimia. Ulioongoza ulikuwa ule wa kupanga matofali yanayoanguka. Nilimkuta mvulana wa darasa la sita akiucheza chini ya dawati, nikalichukua.

Kesho yake, mstarini, nilimsimamisha mbele ya shule nzima, nikaliinua lile gemu juu, nikasema, "Kitu cha bandia humfanya mtu kuwa wa bandia." Watoto walicheka. Yeye alisema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, si langu, ni la kaka." Nilimjibu kwamba atalipata mwisho wa muhula. Kabla muhula haujaisha baba yake, mfanyakazi wa reli, alihamishwa, na familia ikaondoka na treni ya Kigoma. Gemu lilibaki kwangu, ndani ya sanduku la vitabu.

Basi tulikwenda na mjukuu wangu mpaka kwa kijana mmoja auzaye vifaa vya simu. Aliniamkia, akatupangia gemu tatu mezani, na kabla sijauliza lolote akasema, "Mzee wangu, zote hizi ni kopi. Ila kopi nazo zinazidiana."

Maneno hayo yangeweza kusemwa hapa hapa Unyanyembe zaidi ya miaka 150 iliyopita. Misafara iliyotoka pwani kwenda Ujiji ilipita kwetu ikiwa na shanga, waya na vitambaa, na kitambaa kilichopendwa mno kilikuwa merikani, pamba isiyotiwa rangi iliyofumwa Massachusetts huko Marekani. Kwa kitambaa watu walilipwa ujira, na kwa kitambaa watemi walilipwa hongo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya mwaka 1861 na 1865, viliipunguza sana pamba hiyo, na vitambaa vya kuiga kutoka Uingereza na India vikajaza nafasi yake. Jina halikubadilika. Mpaka leo twasema merikani, ingawa kitambaa chenyewe kimefumwa kwingine. Wanyamwezi waliobeba mizigo hiyo mabegani walijua kupima kitambaa kwa vidole, wakitazama uzito na ufumaji wake. Sijasoma mahali popote kwamba mtu aliyevaa merikani ya kuiga aligeuka kuwa mtu wa kuiga.

Nikaanza nami kupima. Gemu la kwanza lilikuwa ndugu wa lile la mwaka 1996: kioo kisicho na rangi wala taa, betri mbili ndogo, na matofali yale yale. La pili lilikuwa na kioo cha rangi na michezo 400. Umbo lake limeigwa kutoka Game Boy ya kampuni ya Nintendo, lakini michezo iliyomo mingi ni ya Famicom, mashine ya mwaka 1983 iliyochezwa kwa kuunganishwa na televisheni. La tatu lilitumia memori kadi na programu inayoiga mashine za zamani, hivyo liliweza kucheza michezo ya Game Boy yenyewe na kuhifadhi ulipofikia. Bei yake ilikuwa mara sita ya lile la pili.

Nilimwachia mtoto acheze yote matatu. Alilipenda la tatu, na kwa haki, maana katika lile la pili ukizima mashine unaanza upya. Nikamwomba kijana alifungue la pili nyuma. Ndani mlikuwa na betri ya BL-5C, ile ile ya simu nyingi za vitufe za Nokia. Mjukuu wangu anakaa Urambo. Betri hiyo atalipata kwa fundi simu yeyote, na ataibadilisha mwenyewe bila bisibisi kubwa. Lile la tatu lina betri ya umbo lake peke yake. Ikivimba, ni safari ya Dar es Salaam, au kulitupa.

Gunpei Yokoi, Mjapani aliyeongoza kazi ya kuunda Game Boy ya mwaka 1989, aliwaza kwa njia iyo hiyo. Washindani wake waliweka vioo vya rangi vilivyomaliza betri sita kwa saa chache. Yeye alichagua kioo duni kilichozoeleka na betri nne zilizodumu, na mashine yake ndiyo iliyoenea duniani. Nikalipia lile la pili.

Tulipokuwa njiani chini ya miembe nilimweleza mtoto alichokishika. Nilimwambia kwamba ni nakala, asiwadanganye wenzake kuwa ni la asili, na kwamba michezo ile ina wenyewe ambao pengine hawakupata hata senti. Nilimtajia Alexey Pajitnov, aliyebuni mchezo wa matofali mjini Moscow mwaka 1984. Haki zilikuwa mikononi mwa serikali ya Kisovieti, naye akaanza kufaidi jasho lake mwaka 1996. Mtoto aliuliza, "Sasa Babu, kosa ni langu?" Nilikosa jibu la haraka. Nilimwambia kwamba aliyeandika uongo juu ya kasha ana kosa, na aliyechukua kazi ya mwenziwe bila malipo ana kosa. Mimi niliyenunua nina sehemu yangu. Yeye kazi yake ni kujua.

Nilipomaliza kusema nikaona kwamba mvulana yule wa darasa la sita hata hilo la kujua sikumpa. Si yeye aliyeandika 9999.

Jumatatu nilitoa lile gemu la zamani sandukuni nikampelekea fundi simu. Betri zilikuwa zimevuja na kuzila chuma zake kwa unga wa kijani. Alizikwangua, akazifuta kwa spiriti, akatia betri mpya, na likalia. Alama za yule mvulana zilikuwa zimefutika zamani. Nimezitoa betri tena ili zisivuje, nikaliweka juu ya kabati.

Sasa atakuwa mtu wa miaka arobaini na kitu. Nimewauliza wastaafu wa reli ninaowafahamu, na bado naendelea kuuliza. Akipatikana nitampa gemu la kaka yake. Lakini yale niliyoyasema mstarini siwezi kuyarudisha kwa mtu mmoja faraghani, maana yalisikiwa na shule nzima, na shule ile haitakusanyika tena. Kwa hiyo nimeyaandika hapa, yasomwe na yeyote.