Maji Meupe, Maji Mekundu: Picha za Maporomoko Upande wa Kashebere



Huko Ulaya, mwezi wa kumi majani ya miti yanageuka njano na nyekundu kabla ya kuanguka, na watu wanaenda msituni kupiga picha za maporomoko ya maji. Kwetu Kashebere, pale Masisi na Walikale zinapokutana, mwezi wa kumi ni wa mvua. Malisho ya ng'ombe yamebaki nyuma kule juu, pori linaanza mbele, na vijito vinaruka mawe vikishuka kuelekea mto Lowa, unaopeleka maji hadi Lualaba. Basi sisi pia tuna msimu wetu wa picha, na simu ya kawaida inatosha.

Picha yangu ya kwanza iliharibika. Maji yalitoka kama karatasi tupu, bila umbo. Simu iliona giza la pori, ikaongeza mwanga, na weupe wa maji ukaungua. Dawa yake ni hii: gusa maji meupe kwenye kioo cha simu, shikilia kidole kidogo, kisha shusha mwanga mpaka uone nyuzi za maji. Pori likibaki jeusi kidogo si neno. Weupe uliopotea haurudi.

Nenda saa moja au saa mbili ya asubuhi, ao siku ya mawingu. Jua la saa sita linaacha madoa makali. Ukitaka maji yaonekane laini kama pamba, na simu yako inakuruhusu kuchagua muda, weka robo ao nusu sekunde. Egemeza simu kwenye jiwe na uiache ihesabu yenyewe, kidole kisiitikise. Ukitaka kila tone lionekane, chagua muda mfupi sana, kama 1/500 ya sekunde. Beba kipande cha kitenge kikavu cha kupangusa manyunyu.

Usiweke maporomoko katikati kila mara. Yasogeze upande, na mbele uweke jiwe ao majani. Chini simamisha bidoni la lita 20, ili anayetazama ajue urefu.

Lakini jambo la kwanza ni adabu. Siku ile niliinua simu bila kuuliza, kumbe kando kulikuwa na wasichana wanaoga. Mama mzee mmoja aliyekuwa anafua akanigombeza: «Mwalimu, mwanangu, hata mtoni kuna mlango. Piga hodi!» Niliomba msamaha, nikafuta picha mbele yake. Na penye askari ao kizuizi cha barabara, simu ibaki mfukoni.

Nilirudi mara nyingine, nikasimama juu ya jiwe lile lile. Sasa nina picha mbili: moja ya mwezi wa saba, wakati wa kiangazi, na nyingine ya mwezi wa kumi, kiisha mvua ya usiku. Katika ya kwanza maji ni meupe. Katika ya pili ni mekundu kama matofali. Nilifikiri simu imekosea rangi, nikamwonyesha yule mama. Alizitazama kwa muda mrefu, kisha akasema: «Simu haikukosea. Huo ni udongo wa mashamba yetu.»

Tuliinua macho. Kilima cha juu kilikuwa kimelimwa mpaka ukingoni, matuta yakishuka na mteremko, kama njia zilizotengenezewa maji. Tunalalamika kwamba maharagi yanapungua, kumbe chakula chake kinapita mbele yetu.

Tumepatana na wamama wenye mashamba pale: kugeuza matuta yakate mteremko, kuchimba mitaro, kupanda matete pembeni, na kutolima karibu na ukingo wa maji. Mimi nitapiga picha kila mwezi, jiwe lile lile, saa ile ile, bidoni lile lile. Hiyo itatuonyesha kama kazi inasaidia.

Na kwa sasa, wamama, maji hayo watoto wanayachota. Acheni udongo ushuke chini, mimineni yale ya juu, muyachemshe vizuri kabla ya kunywa. Hata yale meupe kwenye picha, yachemsheni.