Mawe Yanayoletwa Shuleni

Tangu habari za nikeli ya Kabanga zilipoenea, sisi walimu wa huku Rungwe twaletewa mawe. Wengine huyaleta katika vikapu, wengine mfukoni, na wote huuliza neno moja: "Mwalimu, hii si shaba?" Mengi ni meusi yenye chembe za kijani zing'aazo. Chembe hizo si shaba. Ni olivini, nayo hupatikana sana katika mawe yaliyomwagwa na volkano.

Kwa maana milima yetu ni ya moto. Daraja la Mungu juu ya mto Kiwira ni mwamba ulioyeyuka kisha ukapoa, na mlima Kyejo ulitoa moto yapata miaka 200 tu iliyopita. Kwa hesabu ya miamba, hiyo ni jana jioni. Huko Geita, karibu na Ziwa Viktoria, iko miamba ya kijani yenye umri upatao miaka milioni 2,600 na zaidi. Katika miamba ya namna hiyo nikeli ilivumbuliwa Kambalda, Australia, mwaka 1966, na imepata kuchimbwa pia Bindura, Zimbabwe. Geita yenyewe imejulikana kwa dhahabu. Kabanga, wilaya ya Ngara, ina miamba ya namna nyingine, si ya kale kama ile, lakini ni ya kale mno kupita yetu.

Jinsi madini hayo yanavyopatikana ni hivi. Mwamba ulioyeyuka hupanda kutoka chini sana, na ukikutana na kiberiti cha kutosha, kiberiti hicho huikamata nikeli, shaba na chuma. Hapo hufanyika matone mazito, yakazama na kukusanyika chini kama mashapo katika chungu. Wachimbaji wa Ujerumani wa zamani waliona jiwe lifananalo na la shaba, wakaliyeyusha wasipate shaba, wakasema limerogwa na pepo mtundu aitwaye Nickel. Mwaka 1751 Mswidi Axel Cronstedt alionyesha kwamba ndani yake mna metali mpya, na jina la pepo likabaki.

Watafutaji huanza kwa kutazama kutu, kwa sababu madini ya kiberiti yakifikiwa na mvua na hewa huoza, yakaacha ganda jekundu juu ya nchi. (Lakini udongo mwekundu peke yake si dalili, ama sivyo nusu ya Afrika ingekuwa mgodi.) Kisha hupima udongo na mchanga wa vijito, hutandaza nyaya na kupeleka umeme ardhini, kwa kuwa madini hayo hupitisha umeme vizuri. Mwisho huchoronga, wakatoa mwamba wa duara mrefu kama muwa, waukate na kuupima. Kabanga ilitafutwa na wataalamu wa Umoja wa Mataifa katika miaka ya 1970. Tangu hapo yamechorongwa mashimo ambayo urefu wake ukijumlishwa wapita kilometa 500. Leseni ya kuchimba ilitolewa Oktoba 2021, Serikali ikiwa na asilimia 16. Na jiwe lenyewe, katika kila ratili mia mna karibu ratili mbili za nikeli, na shaba haifiki hata theluthi ya ratili moja.

Twaeleza haya kwa urefu kwa sababu ya mgeni aliyefika kijijini kwetu wakati wa masika. Alisema nikeli iko chini ya migomba yetu, akataka kila nyumba ichange fedha za leseni. Katika mkutano kijana mmoja alisimama akasema, "Wazee wangu, babu zetu walikwenda Lupa katika miaka ya 1930 wakaleta fedha za dhahabu, sisi twaogopa nini?" Neno lake si la kudharauliwa. Lakini wale walikwenda kwa miguu yao kufanya kazi ya ujira, na migomba waliiacha nyumbani ikiwangoja.

Tuliwasomea sheria ya madini ya mwaka 2010: madini yote ni mali ya Jamhuri, leseni hutolewa na Tume ya Madini, na gharama zake ni za aombaye, si za mwenye shamba. Tena mwenye leseni hawezi kuchimba karibu na nyumba au penye mazao pasipo idhini ya maandishi ya mwenyeji. Hati ya mgeni ilikuwa na mhuri mkubwa, lakini haikuwa na nambari ya leseni.

Mama mmoja mjane alikuwa amekwisha kuuza mtamba wake na kumpa fedha. Alituuliza kama jiwe lake, lile alilopewa na mgeni kuwa amana, lingeweza kuuzwa Tukuyu. Tuliligeuza mkononi, lilikuwa jeusi, lenye chembe za kijani.