Msiba Usio na Matanga

Mjomba wangu wa Ujiji hakufa. Naanza na hilo kwa sababu kwa wengi wa rika lake habari huishia makaburini. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Dawa za bure zilianza kutolewa 2004. Katikati ya miaka hiyo tulijifunza kuomba jambo moja tu: asife. Je, tuliomba kidogo mno?

Alikuwa mvuvi wa dagaa Kibirizi. Siku za giza la mwezi alizihesabu kichwani, na madeni ya watu pia. Siku hizi hukaa kibarazani na wavu mapajani, sindano imejaa uzi. Anaanza fundo, anapitisha uzi mara moja, anasimama. Vidole vinajua kazi. Kinachokwama ni yule anayeviamuru.

"Mjomba, nikusaidie?"

Ananitazama kwa muda mrefu kuliko swali lenyewe. "Niache kidogo, mwanangu. Nalitafuta."

Wataalamu wanasema virusi vya UKIMWI huingia ubongoni mapema, katika majuma ya mwanzo, vikibebwa na chembe zilezile za damu zilizowekwa kuulinda mwili. Baadaye dawa huisafisha damu hadi kipimo kisione kitu. Lakini ubongo una ukuta wake, na si kila dawa inaupenya vizuri. Zamani wapo walioishia kupotewa na akili kabisa; hilo sasa ni adimu. Limebaki dogo, lisilo na kelele: jina linalochelewa, mkono mzito, asubuhi isiyo na ladha.

Ziwa letu lina kina cha karibu mita 1,470, na sehemu kubwa ya maji ya chini haina hewa. Samaki hawaishi huko. Ukisimama Katonga unaona buluu tu. Nashangaa ni mara ngapi tumemtazama mtu hivyo, tukafurahi kwamba amenenepa.

Kwa miaka mingi kidonge cha wengi kilikuwa na efavirenzi, dawa yenye kizunguzungu na ndoto kali, ndiyo maana waliambiwa wameze wakati wa kulala. Mvuvi wa dagaa analala saa ngapi? Usiku wake uko ziwani, chini ya mwanga wa karabai. Mjomba alimeza chomboni, na ndoto zikamkuta macho, ameshika kamba. Baadaye ikaja dolutegraviri, ndoto zikatulia. Huzuni haikutulia. Ilikuwa ya dawa, ya kirusi, au ya mtu aliyewazika wenzake wote wa chombo kimoja? Nani awezaye kuitenganisha?

Na wanawake? Wengi walipewa habari kliniki ya wajawazito, mtoto akiwa tumboni, wakatoka pale peke yao na siri ya watu watatu. Sonona huwaelemea kuliko wanaume. Tafiti za nchi nyingi zimeliona hilo. Wanaume hukawia kupima, kisha hunyamaza, au hunywa, au hufoka kwa jambo dogo tukasema ni ukali wa uzee. Mwanamke huamka alfajiri, huanika dagaa, hugeuza, hufunga magunia, na kwa kuwa kazi haijasimama hakuna anayeona kwamba ameacha kuimba. Ni ugonjwa uliomnyamazisha, au ni miaka mingi ya kutunza siri? Huenda hata yeye hajui mlango uliopitiwa.

Siku ya kliniki mjomba anapimwa uzito, vidonge vinahesabiwa. Ni mambo mema, yamemweka hai, na ninayashukuru kwa moyo wote. Ila natamani mtu amuulize: hukumbuki nini? Unamkosa nani ndani yako?

Mkewe aliniambia jioni moja, akichambua mchele: "Mwanangu, mtu akifiwa jamvi hutandikwa, watu wakaja, matanga yakaanuliwa. Mimi nimlilie nani, na mume wangu huyu hapa anakunywa chai?"

Wakati mwingine mjomba hucheka kile kicheko cha zamani, kizima, na nyumba nzima hugeuka kumtazama. Ndipo huniuma zaidi. Anajua alichopoteza, au hata kujua huko ni sehemu ya kilichopotea? Sijathubutu kumuuliza.